Tulivyoiingiza njia ya ng'ombe kwenye ramani ya Mkama Ndume

Magofu ya Mkama Ndume yako kwetu Pujini, Pemba, kama kilomita 10 kusini-mashariki ya Chake Chake. Watafiti wanayaweka karne ya 15: ngome yenye kuta za mawe na matuta ya udongo, na kisima kilichogawanywa kwa ukuta, wazee wanasema ili wake wawili wa Mkama Ndume, mtawala wa hapo, wasikutane. Kwa mtu wa Pujini, hapo pia ndipo ng'ombe wanapopitishwa kwenda malishoni na ndipo akina mama wanapokatiza kuelekea bondeni kwenye mpunga. Rasimu ya mpango wa matumizi ya ardhi ilipoletwa tuitolee maoni, magofu yalikuwa yamezungushiwa mstari mwekundu wa mpaka wa eneo la kuhifadhiwa, na njia hiyo haikuwemo.

Mkutano ukaitwa asubuhi, katika msimu wa kupalilia. Waliokuja wengi walikuwa wanaume watu wazima. Walisikiliza, ikasomwa dua, wakaondoka. Karatasini ikaandikwa kwamba wananchi wameshirikishwa. Mimi ni katibu wa kamati ya shehia, yaani eneo letu dogo la utawala, na jambo lile liliniuma, maana nilijua mwenye kuijua ardhi ile hatua kwa hatua alikuwa bondeni ameinama.

Baada ya Isha nilikwenda kwa Sheha, mkuu wa shehia, nikamwambia muda wa maoni haujafungwa, nipewe ruhusa nizunguke na watu.

"Zunguka, mwanangu," akasema. "Lakini utakachokileta kiwe kimeandikwa, nikitie muhuri."

Ramani niliipeleka Chake ikachapishwa kubwa, ukubwa wa mkeka wa kuswalia. Sikuibandika ukutani. Niliibeba, tukatoka nayo alasiri kwenda kwenyewe, na hapo ndipo kazi ilipofunguka. Mzee aliyenyamaza mkutanini, akisimama juu ya tuta la ngome, anakuonesha kila kitu: huku makaburi, huku mkondo uliokuwa ukileta maji ya bahari, huku mpaka wa konde la marehemu fulani. Kila alipoonesha nilichukua alama kwa simu na kuandika jina la mahali kama wanavyolitaja wenyewe. Watu hawakuwa na shida ya kusema. Walikuwa hawajaulizwa wakiwa wamesimama pale panaposemwa.

Akina mama tulikaa nao peke yao, bondeni, wakati wa kupumzika. Bi mmoja aliniuliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza mkutanini: "Wakishaweka uzio, mimi na mzigo wangu kichwani nizungukie wapi?" Tukaipima njia ya kuzunguka kwa miguu, yeye na mzigo wake mbele, mimi nyuma na daftari. Nadhani kipimo kile kilifanya kazi kubwa kuliko maneno yote niliyoandika baadaye.

Tulibishana sana juu ya umiliki. Wengi hapa hawana hati, na chini ya sheria ya ardhi ya mwaka 1992 ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma, mtu hupewa haki ya kuitumia. Tungesimama kwenye "hii ni yetu" tungeulizwa karatasi tusizokuwa nazo. Nikawaomba tueleze matumizi: nani anapita, kwa kazi gani, msimu gani, tangu enzi za nani. Hilo kila mmoja alikuwa na ushahidi wake, na jirani wa kumthibitishia.

Wapo waliokata tamaa wakisema mstari ukishachorwa haufutiki. Niliwakumbusha kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kisiwa kile kilikusudiwa hoteli, wavuvi wakapinga, na mwaka 1998 kikawa hifadhi ambamo uvuvi unaendelea isipokuwa sehemu ndogo ya magharibi iliyofungwa. Anayekwenda dago, yaani kambi ya uvuvi, huko Misali hahitaji kuelezwa zaidi ya hapo.

Wafugaji ndio waliokuwa wagumu, na sikuwalaumu. Lakini nilitaka nao wayaone matuta. Kuta za udongo zinamomonyoka pale kwato zinapopanda, na ukipita baada ya mvua za masika unaona udongo mbichi umeteremka. Niliwapeleka wakaona. Mmoja wao, mzee anayejua hadithi zote za ngome ile, akatukumbusha inavyosimuliwa kwamba Mkama Ndume aliwalazimisha watu wabebe mawe huku wakijikokota kwa makalio. "Huyo hakumuuliza mtu," akasema. "Sisi tumeulizwa, basi tujibu kwa haki." Wakakubali ng'ombe wasifungwe ndani ya ngome wala kupandishwa matuta, mradi njia yao ibaki.

Kwa hiyo barua yetu haikuwa ya kukataa. Kila ombi lilikuwa na mahali pake kwenye ramani, sababu yake, na jambo ambalo sisi tutalifanya: mpaka usogee hapa, kwa kuwa ndipo tunapopita, nasi tutaondoa malisho pale. Sheha akatia muhuri, nakala moja ikabaki kwetu, na nyingine tukaomba isainiwe na aliyeipokea. Nawasihi wenzangu wa shehia nyingine msiiache saini hiyo. Bila yake tusingekuwa na cha kuonesha tulipoambiwa hakuna maoni yaliyofika.

Jibu lilikuja kwa maandishi. Njia imetambuliwa, imesogezwa ipite nje ya matuta ya kusini, upana wa kutosha ng'ombe na mtu mwenye mzigo kupishana. Makaburi yataendelea kutunzwa na wenyewe. Nilifurahi mno kuwasomea akina mama karatasi ile.

Kuhusu ombi letu kwamba kijiji kipate fungu la kiingilio cha wageni hatujajibiwa. Kwenye msitu wa hifadhi wa Jozani, Unguja, vijiji jirani vinapata sehemu ya mapato ya utalii, na sioni kwa nini Pujini isipate. Barua ya pili iko kwa Sheha, na safari hii tumeambatanisha majina ya vijana, wa kike na wa kiume, wanaotaka kufundishwa kuongoza wageni.