Oda kwa kitochi, mboga ndani ya tofali: tulivyofanya Igombe

Kikundi chetu cha mboga kiko Igombe, wilayani Ilemela, mkoani Mwanza, kando kabisa ya Ziwa Victoria. Wateja wetu ni kaya na mama lishe wa Kirumba na Buzuruga. Wanalipia mboga za wiki mapema, sisi tunavuna na kuwapelekea. Nilipopewa kazi ya kutafuta njia ya kupokea oda, vijana waliosomea kompyuta walituletea wazo la programu ya simu janja. Mtunza hazina wetu, mama wa makamo, akaniuliza: "Mwanangu, bando atalipa nani? Na ikigoma hawa vijana wakiwa Dodoma, nani ataitengeneza?"

Maswali hayo mawili ndiyo yaliyoniongoza katika kila kitu kilichofuata.

Nikaanza na simu zilizopo mikononi mwa watu, nyingi zikiwa vitochi, yaani simu ndogo za vitufe. Meseji moja hubeba herufi 160, na oda ya mboga haihitaji hata robo yake. Tukakubaliana vifupisho: M ni mchicha, C chainizi, S sukuma wiki. Mteja akituma "14 M3 C2", katibu anajua kaya namba 14 inataka mafungu matatu ya mchicha na mawili ya chainizi. Anaandika daftarini, kisha jioni anajumlisha kwenye ubao mweusi ulioegemezwa chini ya mwembe. Wapo wakulima wetu wasiosoma, kwa hiyo juu ya kila safu tunabandika jani lenyewe, na chini yake tunachora vijiti. Alfajiri kila mmoja anavuna kilicho ubaoni tu. Naona hapo ndipo tulipookoa mboga nyingi kuliko mahali pengine popote, maana mchicha ulioko tutani unaweza kusubiri, ila ukishakatwa unaanza kunyauka saa ile ile.

Hata hivyo gari la kwenda mjini huchelewa, na jua la Mwanza wakati wa kiangazi halina subira. Umeme wa friji ungetumaliza. Tukajenga chumba cha ubaridi cha tofali za kuchoma: kuta mbili, moja ndani ya nyingine, katikati nafasi ya upana wa kiganja kimoja, ikajazwa mchanga safi. Mchanga unamwagiliwa asubuhi na jioni. Maji yanapokauka kupitia tofali yanachukua joto, na ndani kunabaki baridi kuliko nje. Juu tunafunika gunia la katani lililoloweshwa. Tulikiweka kivulini, upande unaopata upepo wa ziwa, kwa sababu hewa isipotembea maji hayakauki na ubaridi haupatikani. Fundi alikuwa mtu wa kijijini, vifaa vyote vilipatikana hapa hapa. Tofali likivunjika anaitwa yeye.

Nyanya zinazoiva haziingii humo pamoja na majani. Zinatoa hewa inayofanya mboga zigeuke njano haraka, kwa hiyo zina kreti lao pembeni.

Jambo lililonichukua muda mrefu zaidi ni maji. Ziwa lipo hatua chache, lakini kila anayeingia kuteka anaweza kupata kichocho, na sikutaka kifaa cha kutunza chakula kiwapeleke akina mama majini mara mbili kwa siku. Tuliweka tangi la maji ya mvua juu ya mawe, likateremsha maji kwa bomba jembamba lenye matundu lililolazwa juu ya mchanga. Mvua ikikosekana, tunajaza maji ya bomba.

Masika ni habari nyingine. Hewa ikiwa imejaa unyevu, maji hayakauki upesi na chumba hakipoi vya kutosha. Miezi hiyo tunavuna na kupeleka siku hiyo hiyo, na katibu huwaarifu wateja mapema.

Sasa majirani zetu wanaoanika dagaa mchangani wametuomba tufikirie shida yao: mvua ikishuka ghafla, dagaa wanalowa na kuharibika. Tumeanza na chanja za miti zilizotandikwa nyavu, ili hewa ipite juu na chini, na turubai la kufunika linalokunjwa pembeni. Safari hii mtunza hazina amekuja na maswali yake kabla hata sijashika futi.