Mradi wa mlimani, wiki ya sita: chupa zimekubali, mbuzi hajakubali

Haya jamani narudi na ripoti. Kwa aliyesahau, Jumamosi napanda daladala toka Moshi mjini mpaka Kibosho na boksi langu, nakaa na watoto wa la tano na la sita tunaongea habari za mlima Kilimanjaro.

Wiki mbili za mwanzo nilichemka kabisa. Nilibeba picha za barafu ya Kibo, ya zamani na ya sasa, nikawaambia tangu 1912 zaidi ya asilimia 80 imeisha, wakashangaa kidogo afu mmoja akauliza tunatoka saa ngapi. Kosa langu, maana maji ya mfongo (mfereji wa asili wa Wachagga) unaopita nyuma ya shule wala hayategemei ile barafu, ni mvua na ukungu unaonaswa na miti kule msituni na zile ndevu zinazoning'inia kwenye matawi, ardhi inakunywa polepole ndo maana chemchemi zinatoa hata kiangazi.

Kwahiyo nikaja na chupa. Mbili za lita moja na nusu, nimezilaza nikakata ubavu, moja udongo mtupu nyingine nimepanda ukoka, tunamwagia maji tuone yanatoka vipi. Wiki ya nne ilifeli, ukoka ulikuwa haujashika, zote zikatoa matope, dogo mmoja akasema "ticha hizi zote chai ya maziwa" darasa likafa kwa kicheko. Juzi sasa! Ya udongo imemwaga tope palepale, ya ukoka ikawa inadondoka tone tone, maji karibu meupe, na hakuna aliyeuliza saa.

Upande wa miche nilitaka mti wa mringaringa tu. Babu mmoja jirani akaja kutuangalia, nikamwamkia, akacheka, "mjukuu wangu, na msesewe je? Mbege mtaikolezea gome la nini?" Mbege ni pombe yetu ya ndizi, na msesewe ni mti ambao gome lake linatiwa humo. Tukaongeza viriba 20 vya msesewe, na nimeona watoto wanaimwagilia hiyo zaidi maana nyumbani wanaijua.

Mbuzi kala miche 14. Watoto wakapendekeza tuzungushie masale, mmea ambao Wachagga wanapanda kwenye mpaka wa kihamba (shamba la nyumbani), nikawaambia binadamu ataheshimu ila mbuzi hana mila, tunatafuta miba.

Jumamosi ijayo tunapandisha na mfongo, babu anatuongoza, hatuvuki mpaka maana msitu wa juu ni hifadhi ya taifa tangu 2005. Mwenye gambuti za watoto zisizotumika anicheki, hata kama hazifanani.