Kiingereza cha 911 kupitia vichekesho vya runinga

Watu wetu wengi wanaofika Marekani huanzia kwenye kazi za kutunza wazee, na kazi hizo mara nyingi hudai cheti cha CPR (kumkandamiza kifua na kumpulizia pumzi mtu ambaye moyo wake umesimama), ambacho kwa kawaida hudumu miaka miwili kabla ya kurudiwa. Kozi yenyewe ni ya saa chache. Kinachokwamisha si mikono, ni masikio. Mwalimu anaongea mbiombio, anameza nusu ya maneno, na msamiati wake hamkuugusa shuleni. Msamiati huo huo ndio unaohitajika ukipiga 911, namba ya simu ya dharura ya Marekani. Hapo ndipo vichekesho vya runinga vinapofaa, mradi ujue cha kuchukua na cha kuacha.

Chukua sehemu ya The Office, kichekesho cha Marekani kuhusu wafanyakazi wa ofisi moja, iliyorushwa Februari 2009. Mfanyakazi Stanley anapata mshtuko wa moyo, kisha ofisi nzima inaletewa mwalimu wa CPR. Bosi wao Michael anakandamiza kwa kasi isiyofaa, mwalimu anamshauri afuate mdundo wa "Stayin' Alive" wa Bee Gees, Andy anaanza kuimba, Kelly anacheza, na sanamu la mgonjwa linasahaulika sakafuni. Ushauri wa mwalimu ni sahihi kabisa. Wimbo ule wa 1977 unapiga kama mara 103 kwa dakika, na kasi inayotakiwa kwa mtu mzima ni 100 hadi 120. Kina ni sentimita 5 hadi 6, kifua kiachwe kiinuke chote kabla ya kukandamiza tena, na kwa aliyefunzwa, kila mikandamizo 30 hufuatwa na pumzi 2. Jambo moja tu la kutenganisha: mwenye mshtuko wa moyo mara nyingi yuko macho na anaongea, na huyo hakandamizwi kifua. CPR ni ya asiyeitika na asiyepumua kawaida.

Kuitazama sehemu nzima huku unacheka hakufundishi kitu. Kata dakika mbili au tatu. Tazama mara ya kwanza bila maandishi chini, ukisikiliza tu nani anamwamuru nani. Mara ya pili weka maandishi ya Kiingereza, kwa sababu ya Kiswahili yatakufanya usome badala ya kusikiliza. Andika vitenzi vya amri peke yake: "push", "check", "count", "call". Mara ya tatu sema pamoja na mwigizaji, kwa kasi yake, hata ukijikwaa. Kisha zima picha na ugeuze tukio liwe simu ya dharura: wewe unaripoti, mwenzako anauliza. Hatua hii ya mwisho ndiyo wengi huiruka, nayo ndiyo yenye faida kubwa.

Anayeanza asianzie The Office. Haina kicheko cha watazamaji, na waigizaji wanakatizana. Vichekesho vilivyorekodiwa mbele ya watu, kama Friends, vina kituo baada ya kila mzaha, na kituo hicho kinakupa nafasi ya kurudia sentensi mdomoni. Mr. Bean karibu haongei, kwa hiyo masikio hayafaidi kitu. Lakini ukimsimulia kwa Kiingereza anachofanya, sekunde kwa sekunde, umepata zoezi zuri la kuripoti tukio.

Sasa matamshi, maana hapa ndipo simu huharibika. Kiingereza kina irabu nyingi ambazo sisi tunazibwaga zote kwenye "a" moja. "Heart", "hurt" na "hat" zikitoka sawa mdomoni, mpokea simu hajui kama moyo una shida au mtu ameumia mguu. "Bitten" na "beaten" ni hatari nyingine: ya kwanza ni kung'atwa, irabu fupi, ya pili ni kupigwa, irabu ndefu. Ukikosea, inaweza kuonekana kwamba mbwa amempiga mtu. Kwa wanaochanganya r na l, "bleeding" hugeuka "breeding", na "breathing" nayo iko jirani. Kwa "breathing" tumia dh ya dhahabu. Kwa "breath" tumia th ya thelathini. Sauti hizo mbili tayari tunazo, ni uvivu tu kusema "brizing".

Kuna pia makosa tunayoyabeba kutoka kwetu. Mkono ni "hand" au "arm", mguu ni "foot" au "leg", kidole ni "finger" au "toe", na anayetumwa na gari la wagonjwa anataka kujua ni kipi. "He has pressure" haimaanishi ana presha. Sema "high blood pressure". "He has sugar" nayo iache, sema "diabetic". Yeye wetu hana jinsia, kwa hiyo watu huanza na "he", wakaendelea na "she", na mpokea simu akadhani wagonjwa ni wawili. Amua mapema, ushikilie hapo hapo.

Vichekesho vinajaa chumvi: "I'm dying", "you're killing me", "I almost had a heart attack". Mezani sawa. Kwenye simu ya dharura, kila neno linachukuliwa lilivyo. Maneno ya kubaki nayo ni yale makavu: "passed out" kwa aliyezimia, "threw up" kwa aliyetapika, "choking" kwa aliyepaliwa, "seizure" kwa degedege au kifafa. "Gasping" lifahamu sana. Ni ile pumzi ya kukoroma na kutweta inayokuja kwa nadra baada ya moyo kusimama, na haihesabiwi kuwa kupumua. Ukijibu "yes, he's breathing" kwa sababu umesikia mkoromo, CPR itachelewa.

Tiba ya kwenye vichekesho usiiamini. Friends, mwaka 1997, iliwaonyesha mamilioni ya watu kwamba aliyeumwa na yavuyavu hukojolewa. Mkojo hausaidii, na unaweza kuzidisha maumivu. Suuza kwa maji ya bahari, ondoa nyuzi zake kwa kibano, kisha loweka mahali pale kwenye maji ya moto yanayovumilika kwa angalau nusu saa. Makofi ya kumwamsha aliyezimia ni ya kuchekesha tu. Kijiko mdomoni kwa mwenye kifafa, jambo ambalo hata nyumbani kwetu bado linafanywa, huvunja meno. Angalia saa ujue kifafa kimechukua muda gani, na kikitulia mlaze ubavu.

Mpokea simu wa 911 atakupa amri fupi. "Lay him flat on his back." "Put the heel of your hand on the center of his chest." Hapo "heel" si kisigino, ni sehemu ngumu ya chini ya kiganja karibu na kifundo cha mkono. "Count out loud." "Don't hang up." Zikariri kwa masikio, na mwenzako azisome akiwa amekupa mgongo, kwani kwenye simu hutaona midomo.

Swali la kwanza mara nyingi ni anwani, na ndilo linaloumbua wengi, kwa kuwa "fifteen" na "fifty" zinagongana. Taja tarakimu moja moja: "one five", "five zero". Jizoeze anwani yako yote hivyo, pamoja na namba ya ghorofa na ya mlango. Kiingereza kikikauka kabisa, sema "Swahili interpreter, please" na usikate simu. Vituo vingi vya 911 huunganisha mkalimani kwa njia ya simu. Ila anwani itangulie, kwa Kiingereza, kabla ya kuomba mkalimani.