Mtumbwi kugeuzwa na upepo ukiwa peke yako: nilivyotatua

Nimerudi salama kutoka Bwawa la Mtera. Nilikaa siku mbili peke yangu, na mtumbwi, hema na ndoano. Shida hii itamkuta yeyote aliyezoea kuvua na mwenzake.

Asubuhi maji yametulia, unakwenda vizuri. Upepo ukishaanza, omo (ncha ya mbele ya mtumbwi) inageuka kuufuata; ukipiga kafi mara tatu tu, unatazama ulikotoka. Na Mtera ina miti mikavu iliyosimama majini tangu bwawa lilipojaa. Kusukumwa ubavu kwenye visiki, huku viboko na mamba wapo, kunatisha.

Nilipiga kafi kwa nguvu upande mmoja, mabega yakachoka. Nikahamia katikati: afadhali kidogo. Nikaweka jiwe mbele, likabingirika.

Kilichonisaidia ni dumu la lita 20. Nikiwa nimekaa nyuma, omo ilikuwa imeinuka zaidi ya shubiri juu ya maji, na upepo unaishika kama tanga. Nikaweka dumu mbele kabisa, nikalijaza kwa kopo, nikalifunga kwa kamba. Bado tukayumba! Kumbe sikulijaza hadi juu, maji yanacheza ndani. Nikaongeza hadi yakafurika, nikakaza kifuniko. Kimya. Omo ikalala, nikanyoosha hadi nchi kavu na perege wangu sita.

Upepo ukitoka nyuma yako, rudisha dumu katikati, la sivyo tatizo linageuka. Na hema piga juu, mbali na njia za viboko.