Kama si malaria, ni nini? Utafiti wa homa uliofanyika Moshi

Kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008, wagonjwa 870 waliolazwa kwa sababu ya homa katika hospitali mbili za mji wa Moshi, KCMC na Mawenzi, waliandikishwa katika utafiti uliokuwa na swali jepesi kulitamka na gumu kulijibu: homa hii imesababishwa na nini? Madaktari waliowapokea walikuwa wameandika malaria kwa wagonjwa 528, yaani asilimia 60.7. Vipimo vyote vilipokamilika, waliobainika kuwa homa yao ilitokana na malaria walikuwa 14 tu, asilimia 1.6. Ninapowasomea wanafunzi takwimu hizi, hakosekani anayeuliza kama nukta ya desimali imewekwa mahali pake.

Imewekwa mahali pake. Mimi ni daktari wa wodi ya watu wazima, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiufundisha utafiti huu kwa sababu sijaona mwingine unaoonyesha waziwazi zaidi faida ya kuwa na chuo kikuu ndani ya hospitali, na pia mahali ambapo faida hiyo hukwama.

Ili kuelewa kwa nini madaktari wale hawakuwa wazembe, ni lazima kukumbuka jinsi tulivyofunzwa. Kwa miongo mingi mwongozo ulikuwa kwamba mtoto mwenye homa atibiwe malaria hata kama hakuna darubini, kwa kuwa kumwacha mwenye malaria bila dawa ni hatari kubwa kuliko kumpa dawa asiye nayo. Palepale ambapo mbu ni wengi, hoja hiyo ilikuwa na uzito. Tatizo ni kwamba mazoea yalihama pamoja na madaktari hadi kwenye wilaya za milimani ambako malaria ni haba, na yakabaki hata baada ya maambukizi kupungua. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa hospitali kumi za kaskazini mashariki mwa Tanzania uliowafuatilia wagonjwa 4,474 waliolazwa na kutibiwa malaria kali. Waliokutwa na vimelea katika damu walikuwa 2,062, chini ya nusu. Miongoni mwao walifariki 142, sawa na asilimia 7. Miongoni mwa wale 2,412 wasiokuwa na vimelea walifariki 292, sawa na asilimia 12. Maana yake ni nzito: mgonjwa aliyewekewa dripu ya kwinini bila kuwa na malaria alikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa kuliko mwenye malaria yenyewe, kwa sababu ugonjwa wake halisi haukuwa na jina wala dawa.

Utafiti ule wa 2004 ulituambia kwamba tunakosea. Haukutuambia ugonjwa halisi ni upi, na hapo ndipo hospitali ya chuo kikuu ilipohitajika. KCMC ilifunguliwa mwaka 1971 chini ya Mlima Kilimanjaro kama hospitali ya rufaa ya kanda ya kaskazini, baadaye ikapata chuo kikuu chake cha tiba, na tangu miaka ya 1990 imekuwa na ushirikiano wa utafiti na Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani. Ushirikiano wa namna hiyo una kasoro zake, na nitazigusa, lakini uliacha kitu ambacho hospitali nyingi za wilaya hazina hadi leo, nacho ni maabara inayoweza kuotesha damu, yaani kukuza vijidudu vilivyomo ili vitambulike, kila siku ya juma na watu wanaojua kusoma kilichoota.

Napenda kueleza hatua zenyewe, kwa maana ndizo zinazoeleza matokeo. Mgonjwa anapolazwa na kukubali kushiriki, huchukuliwa damu kabla ya kupewa sindano ya antibiotiki, au mapema iwezekanavyo baada yake. Sehemu ya damu hiyo huingizwa katika chupa yenye lishe ya vijidudu na kuwekwa kwenye mashine yenye joto, ambayo huitazama chupa usiku na mchana kwa siku kadhaa. Ngozi isiposafishwa vizuri kabla ya kuchoma, kinachoota ni bakteria wa ngozini, na daktari huletewa jibu linalompoteza. Sehemu nyingine ya damu hutenganishwa ili kupata seramu, yaani majimaji ya damu yasiyo na chembechembe, ambayo huhifadhiwa kwa kugandishwa. Kisha, baada ya wiki nne hadi sita, mgonjwa huombwa arudi kutoa damu tena.

Damu hiyo ya pili ndiyo roho ya utafiti. Magonjwa kama leptospirosi (inayotokana na mkojo wa wanyama), homa ya Q (inayotoka kwa mifugo) na homa za riketsia (za bakteria wanaoenezwa na kupe) ni vigumu sana kuyaotesha maabara. Yanatambuliwa kwa kupima kingamwili, yaani chembe za kinga ambazo mwili hutengeneza dhidi ya vijidudu, na kingamwili zina shida moja: zinaweza kuwa zimebaki mwilini tangu ugonjwa wa mwaka juzi. Kipimo kimoja, kwa hiyo, hakithibitishi ugonjwa wa leo. Kinachothibitisha ni seramu mbili za mtu mmoja zikipimwa pamoja, na ile ya pili ikaonyesha kingamwili zilizoongezeka angalau mara nne kuliko ya kwanza. Kwa njia hiyo mtafiti anaweza kusema kwa ujasiri kwamba huyu alikuwa na leptospirosi siku ile aliyolazwa. Lakini wakati anaposema hivyo mgonjwa ameshapona na kurudi shambani, au ameshazikwa. Sehemu ya vipimo hivyo ilifanyika Marekani, na makala yenye majibu yote kwa pamoja ilitoka mwaka 2013, miaka mitano baada ya mgonjwa wa mwisho kuandikishwa.

Siandiki haya kwa kuwalaumu watafiti. Sayansi ya kingamwili haina njia ya mkato. Ninachodai ni kwamba fomu ya ridhaa iseme hivyo kwa Kiswahili kinachoeleweka: damu hii ya pili haitakusaidia wewe, itamsaidia atakayelala katika kitanda hiki baada yako. Nimesoma fomu za ridhaa za tafiti mbalimbali zilizopitishwa na kamati za maadili, na nyingi hueleza hatari ya kuchomwa sindano kwa aya nzima, huku suala la nani atanufaika, na lini, likipita katika sentensi moja yenye ukungu. Uzoefu wangu ni kwamba wagonjwa wetu, wakielezwa ukweli huo bila kuzungushwa, hukubali kwa wingi. Wapo wazee waliowahi kuniambia, "Mwanangu, chukua tu, wajukuu ninao." Anayekataa naye ana haki yake, na tiba yake isipungue hata chembe.

Sasa yaliyopatikana. Bakteria waliota katika damu ya wagonjwa 85, jamii ya vijidudu vya kifua kikuu 14, na fangasi 25. Hayo pekee yanatosha kuonyesha kwamba maambukizi ya damu yalikuwa mengi kuliko malaria kwa kiasi kikubwa. Kilichowashangaza wengi zaidi, hata hivyo, ni magonjwa yatokayo kwa wanyama. Wagonjwa 118, asilimia 26.2 ya waliopimwa kikamilifu, walikuwa na mojawapo ya magonjwa hayo: leptospirosi 40, homa zinazoenezwa na kupe 36, homa ya Q 24, brusela 16, na tifasi, ambayo ni homa nyingine ya riketsia wala si taifodi, wawili. Wengine 55 walikuwa na chikungunya, ugonjwa uliotambuliwa kwa mara ya kwanza duniani katika nyanda za Wamakonde, kusini mwa Tanganyika, mwaka 1952 na 1953, na ambao madaktari wengi wa Kilimanjaro hawakuwa wakiufikiria hata kidogo.

Ukiijua Kilimanjaro, orodha hiyo haishangazi sana. Katika kihamba cha Mchaga, yaani shamba linalozunguka nyumba, ng'ombe hufungwa zizini hatua chache kutoka jikoni, hukatiwa majani na kuletewa maji, na anayefanya kazi hiyo hukanyaga mkojo na samadi kila siku. Tambarareni wafugaji huzalisha mbuzi na kondoo kwa mikono mitupu, na kondo la nyuma la mbuzi mwenye homa ya Q hubeba vijidudu kwa wingi wa kutisha. Maziwa mabichi yana wapenzi wake kila mahali, na brusela hupitia humo. Historia yote hiyo mgonjwa anayo mdomoni, isipokuwa hatukumwuliza. Katika faili tulijaza umri, kabila na dini, tukapima joto, tukaandika malaria. Tangu niusome utafiti huu, swali la "unafuga?" nimelisogeza juu, kabla ya lile la safari, na ninawataka wanafunzi waandike jibu lake kwa ukamilifu: ni mnyama gani, nani anamkamua, kuna aliyetupa mimba hivi karibuni, panya wanaingia ghalani au hawaingii.

Baadhi ya wenzangu wameniuliza jina la ugonjwa linasaidia nini ikiwa hatuna kipimo chake. Linasaidia kwenye kuchagua dawa. Mgonjwa wa homa isiyo malaria katika hospitali zetu huanzishiwa seftriaksoni, dawa nzuri inayotibu bakteria wengi na hata leptospirosi. Haiwezi kutibu homa za riketsia wala homa ya Q. Dawa ya hizo ni doksisaikilini, kidonge cha bei ndogo ambacho aghalabu hakikosekani katika famasia ya hospitali, lakini hakiandikwi kwa kuwa ugonjwa wake haumo katika fikra za anayeandika. Brusela nayo inahitaji dawa mbili kwa pamoja, na tiba yake ni ya wiki sita. Anayepewa vidonge vya siku saba atapata nafuu, kisha atarudi mwezi ujao na homa ileile na mgongo unaouma zaidi.

Mwezi Julai 2022 taifa zima lilijifunza jina la Kiswahili la leptospirosi. Wilayani Ruangwa, mkoani Lindi, watu walianza kuugua homa, kichwa kuuma na kutokwa damu puani, na Wizara ya Afya ilipotoa taarifa walikuwa wamefikia wagonjwa 20, watatu kati yao wakiwa wamefariki. Watu walihofia Ebola. Ilipotangazwa kuwa ni homa ya mgunda, niliona katika mijadala ya mitandaoni watu wakiuita ugonjwa mpya ulioingia nchini. Haukuwa mpya. Wagonjwa 40 wa Moshi walikuwa nao miaka kumi na minne kabla ya hapo, na walikuwa wamekaa katika jarida la kisayansi la Kiingereza kwa miaka tisa.

Hapa ndipo ninapoona mkwamo niliouashiria mwanzoni. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2010 kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, na Tanzania ilisambaza kipimo cha haraka hadi zahanati za vijijini. Hilo ni jambo jema lisilo na mjadala. Lakini kipimo hicho kikionyesha mstari mmoja, yaani hakuna malaria, hakimwambii tabibu ni nini basi, na ombwe hilo lilijazwa upesi na magonjwa mawili ambayo kila Mtanzania sasa anayafahamu: taifodi na UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Ni nadra siku hizi kukutana na mtu aliyetoka kupima homa bila kuambiwa ana kimojawapo, au vyote viwili. Utafiti wa watoto 1,005 waliohudhuria kliniki za nje Dar es Salaam na Ifakara, uliochapishwa mwaka 2014, ulikuta malaria kwa asilimia 10.5, UTI kwa asilimia 5.9 na taifodi kwa asilimia 3.7, wakati asilimia 62 walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, ambayo mengi ni ya virusi na hupona bila antibiotiki. Kipimo cha Widal, kinachotumika sana kutangaza taifodi, kina udhaifu uleule nilioueleza wa kingamwili za zamani, na kinasomwa mara moja tu. Kwa maoni yangu tumeondoa jina la malaria kwenye fomu na kuweka jingine, bila kubadilisha namna ya kufikiri.

Nikiri pia mipaka ya utafiti wa Moshi, kwa maana wapo wanaoutumia vibaya. Ni wa mji mmoja, wa mwaka mmoja, wa waliolazwa. Kilimanjaro ina malaria kidogo sana, na daktari wa Geita au Kigoma atakayepuuza malaria kwa sababu ya takwimu za KCMC atawaua watoto. Tena idadi hizo ni za wakati ule. Mvua, mifugo na mbu hubadilika, hivyo kila kanda inahitaji kuuliza swali lake yenyewe, na inahitaji maabara ya kuuliza.

Kwenye maabara hiyo ndiko fedha za utafiti zinapogeuka mtihani. Mradi wa nje ukiwapo, chupa za kuotesha damu zipo, mashine ina mkataba wa matengenezo, na mtaalamu analipwa. Mradi ukiisha, huduma huachiwa bajeti ya hospitali, na kuotesha damu ni miongoni mwa vipimo vya kwanza kupungua, kwa kuwa mgonjwa anayelipa mfukoni hujiuliza kwa nini atoe fedha kwa jibu litakalokuja baada ya siku tatu. Ningetamani kila mkataba wa utafiti unaosainiwa na hospitali ya chuo kikuu uwe na kifungu kinachotaja kipimo gani kitabaki kwenye wodi mradi ukiondoka, nani atakinunulia vifaa, na kwa miaka mingapi. Hadi kifungu hicho kipatikane, katika raundi zangu nimekataza kuandika taifodi kwa ushahidi wa Widal peke yake. Wanafunzi huandika "homa, chanzo hakijajulikana", kisha huorodhesha chini yake magonjwa matatu wanayoyashuku, sababu ya kuyashuku, na dawa ambayo kila moja lingehitaji.