Mbele ya Ikulu, Vuga

Nimerudi Unguja baada ya miaka mingi Muscat, na mtaa nilioutamani kuliko yote ni Vuga, kuanzia Mahakama Kuu kuteremka hadi Mnazi Mmoja. Forodhani nimewaachia wageni.

Nilipofika mbele ya Ikulu nikasimama kutazama. Mtoto wa kaka yangu akanivuta mkono: "Ami, twende, hapa si pa kuzubaa." Nikacheka. Zamani, siku za sikukuu, tukipita hapa na kanzu mpya kwenda Mnazi Mmoja, bibi alitukataza hata kulinyooshea kidole jumba lile jeupe. Kumbe hilo halijabadilika, na picha bado hazipigwi.

Wengi hudhani lilikuwa la Sultani. La hasha. Jumba la Sultani ni lile la Forodhani, ambalo baada ya Mapinduzi ya 1964 likaitwa Jumba la Wananchi. Hili la Vuga alilichora Mwingereza, John Sinclair, likajengwa 1903 kwa ajili ya mwakilishi wa serikali yake. Kabla ya hapo konseli wao alikaa jumba la Mambo Msiige, Shangani, baharini kabisa. Sinclair ndiye pia aliyechora Mahakama Kuu na lile kuba la Makumbusho ya Amani la 1925, na mwaka 1922 akawa mwenyewe Balozi Mkaazi, yaani huyo mwakilishi wa Uingereza, akaishi ndani ya mchoro wake.

Tazama matao yale, marefu, yamepangana kwa safu mbili. Nimeishi Uarabuni, matao ya namna hii kule sikuyaona. Ni Uarabu wa kubuni, na mimi naona ulikuwa ujanja: mwenye amri alivaa kanzu yetu ili asionekane mgeni. Jumba ni zuri, sikatai.

Ng'ambo ya barabara ipo Bustani ya Victoria. Ukumbi wake umejengwa palipokuwa na mabafu ya wanawake wa Sultani Sayyid Barghash, na kuanzia 1926 Baraza la Kutunga Sheria lilikutana humo. Kijana wangu amesoma shule hapa hapa mjini, hilo hakulijua. Wa kumlaumu si yeye. Nani atakuhadithia nyumba usiyoruhusiwa kuitazama?

Sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la kale la masultani pale Forodhani, iliporomoka Disemba 2020, sote tukalia, hata sisi wa mbali, kwa sababu tuliingia mle tukiwa watoto na ngazi zake tunazijua. Ikulu inapakwa chokaa, inakaliwa, imesimama. Lakini ingepatwa na jambo, Mungu apishe mbali, watu wangekuwa na kipi cha kukumbuka zaidi ya geti na askari?

Laiti wangefungua siku moja tu kwa mwaka, hata bustani peke yake, wazee na wanafunzi wakapita. Mimi foleni ningeianza baada ya sala ya alfajiri.