Udongo wa Kambo

Kambo ni buibui. Nilimpa jina hilo kwa sababu jua likizama hutoka akakaa mlangoni pa shimo lake, miguu mbele, kama nkambo yangu (ndivyo tunavyowaita babu na bibi) kule Katuba, hapa Lubumbashi, akichungulia nani anapita barabarani. Ni tarantula wa jenasi ya Pterinochilus, kahawia, mwenye mistari ya miale kifuani juu. Hawa wa Afrika hawana nywele za kuwasha wanazorusha wenzao wa Amerika. Wakichokozwa huinua miguu na kuuma, na maumivu yake si mchezo. Sijawahi kumshika, wala hamu sina.

Tulimpata upande wa Kasapa, chini ya kisugulu cha mchwa ambacho vijana wa kaka yangu walikuwa wanakikata kwa ajili ya matofali. Shimo lilikuwa limetandikwa hariri nyeupe. Ningetumia akili ningechota udongo uleule siku ileile. Mimi nilibeba buibui tu.

Kisanduku chake cha kwanza nilikijaza pumba za mbao za bure kutoka kwa seremala jirani. Zilinuka utomvu, nikanyunyiza maji, zikaota ukungu. Siku mbili Kambo alining'inia kwenye kioo, hataki kukanyaga chini. Nikanunua udongo mweusi wa wauza maua. Huo una samadi, na baada ya wiki moja nilikuwa nafuga vijidudu na vinzi kuliko buibui. Alipochimba, paa la shimo lilimwangukia usiku huohuo.

Mama ndiye aliyesema, akipita na ungo: "Ile nyama ulitosha wapi? Si kwa kisugulu?" Yaani, mnyama huyo nilimtoa wapi.

Basi nikarudi Kasapa na ndoo. Mchwa hupandisha udongo mfinyanzi kutoka chini, ndiyo maana mafundi wa matofali wanaupenda: ukishakamatana haumeguki ovyo. Lakini nilivuka mipaka, nikautia mtupu. Ulipokauka ukawa tofali kweli! Kambo alikwaruza juu juu akaacha.

Mchanganyiko uliokubali ni huu: makopo matatu ya udongo wa kisugulu uliopondwa na kuchekechwa, makopo mawili ya mchanga wa mto uliooshwa, na konzi mbili za majani makavu yaliyosagika. Mchanga peke yake haushiki shimo, mfinyanzi peke yake hauchimbiki. Kipimo changu ni kiganja: fumbata, fungua. Donge likibaki zima halafu likavunjika ukilisukuma kwa kidole, umepata. Likibaki na alama za vidole na kung'aa, ongeza mchanga. Kabla ya hapo naukaanga kwenye sufuria kuukuu juu ya mbabula (jiko la makaa), nikikoroga, mpaka uwe moto kabisa katikati, ili vijidudu vife. Uache upoe vizuri.

Wa mjini, chagueni pa kuchota. Shaba ilianza kuyeyushwa hapa Lubumbashi mwaka 1911, na pepo zetu nyingi hutoka kusini-mashariki, kwa hiyo moshi umemwaga metali miaka mingi upande wa kaskazini-magharibi mwa bomba la moshi la kiwanda. Kuna mahali hata majani hayaoti sawasawa. Udongo wa huko sitampa Kambo, na mchicha pia nisingepanda.

Kisanduku changu kina kimo cha sentimita 30. Nimejaza 18 na kushindilia kwa chupa, tabaka kwa tabaka. Watu huacha nafasi kubwa juu ili buibui "apumue". Hapana: akipanda kioo na kuanguka kutoka juu, tumbo linaweza kupasuka, na huyu ni mchimbaji, anataka kina. Kisha nikatoboa tundu la mshazari kwa penseli chini ya kipande cha gome, kumwonyesha tu.

Kiangazi hiki, hewa ikiwa kavu na vumbi kila mahali, namwaga maji kidogo kwenye kona moja pekee, mara moja kwa wiki, na kifuniko cha chupa nakijaza maji ya kunywa. Juu panakauka, chini mfinyanzi unashika unyevu.

Usiku wa tatu alikuwa ameshazama. Asubuhi nilikuta vidonge vya udongo vimerundikwa mlangoni na hariri imetandazwa hadi ukingo wa kifuniko. Ndoo iliyobaki Mama ameshaichukua, ameziba nayo ufa wa ukuta wa jiko.